Mwongozo kamili wa kununua na kucheza RPG ya fantasia kwenye kompyuta

Gemu za fantasia za aina ya RPG, yaani zile unazoigiza mhusika na kumkuza, huuzwa kwa picha za majoka, panga zinazowaka moto na ngome zilizopita mawingu. Ukishalipa na kuingia ndani, unakuta sehemu kubwa ya kazi ni kusoma, kupiga hesabu ndogo ndogo na kuamua. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Gemu yenyewe haina ubaya, ila walichonunua sicho walichodhani wananunua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujatoa pesa, na iliyobaki inahusu saa za mwanzo za kucheza. Mtu akizivuka hizo, mbele hujiongoza mwenyewe.

Nitatumia sana Baldur's Gate 3, ya kampuni ya Larian Studios ya Ubelgiji, kama mfano. Imesifiwa mno tangu itoke Agosti 2023, lakini sababu yangu ni nyingine: inaanika hesabu zake kwenye skrini, na ukizielewa humo utazitambua hata katika gemu nyingine.

Anza na aina ya pambano

Usianze kwa kuuliza gemu ipi ni nzuri. Uliza unataka kupigana vipi, kwa sababu hilo ndilo utakalolifanya kwa makumi ya saa.

Kuna zinazopigana kwa zamu. Kila mtu anasubiri zamu yake, unatazama uwanja, unapanga, unatenda, kisha adui naye anajibu. Baldur's Gate 3 na Divinity: Original Sin 2 ya 2017 ziko kundi hili. Kuna zinazokwenda mfululizo lakini unaweza kuzisimamisha wakati wowote, ukatoa amri kwa kikosi kizima, kisha ukaziachia ziendelee: Baldur's Gate ya kwanza ya 1998, Dragon Age: Origins ya 2009, Pillars of Eternity ya 2015. Halafu kuna za mkono kwa mkono, ambazo wepesi wa vidole vyako ndio unaoamua: Skyrim ya 2011, The Witcher 3 ya 2015, Elden Ring ya 2022.

Kwa anayeanza, mimi humshauri za zamu bila kusita. Hakuna anayekukimbiza. Unaweza kuacha pambano katikati ukajibu simu, ukarudi, ukasoma maelezo ya uganga wako mara tatu, na adui bado amesimama pale pale anakungoja. Zile za kusimamisha zinaonekana kama njia ya kati, lakini mgeni hupotea humo haraka kwa sababu watu sita wanatenda kwa wakati mmoja na hajui aliyekufa amekufa kwa nini. Ukishindwa kuamua, Pathfinder: Wrath of the Righteous ya 2021 inakuruhusu kuhama kutoka mtindo mmoja hadi mwingine unapotaka, ingawa kanuni zake ni nyingi kiasi cha kumchosha hata mzoefu.

Jambo la pili ni wingi wa maandishi. Planescape: Torment ya 1999 ni ya kusoma zaidi kuliko kupigana. Skyrim unaweza kuimaliza huku umeyaruka mazungumzo mengi tu. Kwenye ukurasa wa mauzo kuna jedwali la lugha, na sauti huorodheshwa mbali na maandishi. Litazame vizuri, maana kuna gemu ambazo sauti zake ziko katika lugha moja tu ingawa maandishi yako katika lugha kumi.

Pima mashine yako

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka linaonyesha prosesa na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, na ukienda kwenye kichupo cha skrini utaona jina la kadi ya grafiki na kumbukumbu yake. Andika mambo hayo manne mahali, kisha yalinganishe na mahitaji yaliyo chini ya ukurasa wa gemu.

Mahitaji huandikwa kwa safu mbili: ya chini kabisa na yanayopendekezwa. Safu ya kwanza maana yake ni kwamba gemu itafunguka. Haikuahidi kwamba utaifurahia. Baldur's Gate 3 inataka RAM ya GB 8 kwa uchache na GB 16 kwa raha, pamoja na nafasi ya GB 150 kwenye diski ya SSD, yaani ile ya kasi isiyozunguka. Hiyo SSD usiichukulie kama pambo. Kwenye diski ya kuzunguka, utafika mahali mhusika anaongea huku uso wake bado haujapakiwa. Kwa kulinganisha, Skyrim Special Edition inahitaji GB 12 tu za diski.

Kama laptopu yako haina kadi ya grafiki inayojitegemea, usilazimishe. Matoleo yaliyoboreshwa ya Baldur's Gate mbili za mwanzo yanakwenda vizuri kwenye mashine za kawaida za ofisini, na hadithi yake haijachakaa.

Fikiria pia intaneti. Faili la GB 100 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde linachukua saa 22 hivi kama mtandao hautayumba. Steam huendelea pale ilipokatikia, kwa hiyo unaweza kupakua kidogo kidogo usiku. Ila hakikisha una nafasi ya ziada kwenye diski, kwa sababu masasisho makubwa huhitaji pumzi ya kufungulia mafaili kabla ya kufuta ya zamani.

Nunua mahali penye njia ya kurudi

Maduka makubwa ya gemu za kompyuta ni matatu: Steam ya Valve, iliyoanza 2003, GOG, iliyoanza 2008 ikiuza gemu za zamani, na Epic Games Store, iliyofunguliwa Desemba 2018. Tofauti inayomhusu mnunuzi ni hii. Steam na Epic hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. GOG inakupa siku 30, hata kama umeshacheza, mradi usiitumie nafasi hiyo vibaya. Tena GOG inauza gemu zisizo na kufuli la kidijitali: unapakua faili la kusakinishia, unaliweka kwenye diski yako ya pembeni, na unaweza kulitumia hata usipokuwa na intaneti. Kwa RPG za zamani, mimi naanzia hapo.

Epic nayo hutoa gemu za bure kila wiki. Fungua akaunti, pokea, weka. Haikugharimu kitu.

Kuna tovuti zinazouza namba za kufungulia gemu kwa bei ya kutupa, zikitoka kwa wauzaji wasiojulikana. Achana nazo. Namba ikigundulika ilinunuliwa kwa kadi ya wizi inaweza kufutwa, na gemu ikatoweka kwenye akaunti yako bila mtu wa kumlalamikia. Kutumia VPN, huduma inayoficha mahali ulipo, ili akaunti ionekane iko nchi yenye bei nafuu nako ni kinyume cha masharti ya Steam, na akaunti yenye gemu zako zote ina thamani kuliko punguzo la gemu moja.

Punguzo la halali lipo na halina haja ya ujanja. Weka gemu kwenye orodha ya matamanio na duka litakutumia barua pepe bei ikishuka. Misimu mikubwa ya Steam huja majira ya kuchipua, kiangazi, vuli na baridi kwa kalenda ya kaskazini mwa dunia, na RPG iliyokwisha kutimiza miaka kadhaa mara nyingi hushuka sana. Hakuna hasara ya kungoja. Gemu hizi hutoka zikiwa na kasoro, kisha hurekebishwa kwa mwaka mzima au zaidi. Anayenunua baadaye hupata gemu bora kwa pesa kidogo, na ndiyo maana sioni faida ya kulipia kitu ambacho hakijatoka.

Kuwa makini na gemu zinazouzwa kabla hazijakamilika. Baldur's Gate 3 iliuzwa hivyo kuanzia Oktoba 2020, na kwa karibu miaka mitatu mnunuzi alipata sura ya kwanza tu. Hakuna aliyedanganywa, ilisemwa wazi kwenye ukurasa, lakini mtu asiyesoma huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Matoleo nayo hutofautiana. Lenye jina la kifahari mara nyingi linaongeza muziki, picha na mavazi, vitu ambavyo hutavikumbuka baada ya wiki. Toleo kamili ni jambo jingine: lile la The Witcher 3 lina nyongeza mbili, Hearts of Stone ya 2015 na Blood and Wine ya 2016, na hiyo ya pili peke yake ina ukubwa wa gemu nzima. Hapo lipa bila kinyongo.

Kabla ya kubonyeza, soma maoni mabaya ya watu waliocheza saa nyingi. Aliyecheza saa 90 kisha akalalamika anajua anachokisema. Aliyecheza dakika 20 huenda alishindwa na kompyuta yake.

Saa mbili za kwanza ni za majaribio

Hapa pana mtego. Kwenye Steam na Epic, zile saa mbili za kurudishiwa pesa zinahesabiwa tangu gemu ifunguke, na RPG hukupokea kwa skrini ya kutengeneza mhusika. Mtu anakaa dakika 70 akichagua umbo la pua na rangi ya ndevu, anatazama utangulizi, anarekebisha sauti, na anapofika pambano la kwanza saa mbili zimeshakatika. Pesa hairudi tena.

Kwa hiyo mhusika wa kwanza awe wa kutupwa. Mchukue yeyote aliyekwisha kuandaliwa, bonyeza endelea, ingia ndani. Washa maandishi ya chini ya skrini na uyakuze. Pigana mara mbili au tatu. Sikiliza feni ya kompyuta, tazama kama picha zinakatika unapogeuza kamera kwa kasi, hamia mahali penye watu wengi kama utafika. Ikifika dakika ya 90 amua: inabaki au inarudi. Ikibaki, futa yule mhusika na anza upya kwa raha, sasa hata ndevu unaweza kuzihesabu.

Mhusika wa kweli

Gemu nyingi za jamii hii zina asili moja: Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka 1974. Humo mhusika ana sifa sita, yaani nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Katika Baldur's Gate 3, nyongeza unayopata inapanda kila sifa inapofika namba shufwa: 14 inakupa +2, 16 inakupa +3, na 17 bado ni +3 ile ile. Mgeni huona 17 akashangilia, kumbe ile pointi moja imekaa bure mpaka apate nyingine ya kuisindikiza. Ukitaka kubaki na namba witiri, iwe kwa mpango wa kuiongeza baadaye.

Kazi ya mhusika ichague kwa kujiuliza nani atakuwa anaongea. Wewe ndiye kiongozi, na mara nyingi mazungumzo yanakuangukia. Mpiganaji wa kawaida ni rahisi kumwendesha: anapiga, anapigwa, hana orodha ndefu ya uganga. Lakini haiba yake ikiwa ndogo, kila mlinzi wa lango atamkatalia. Malenga, yule anayeroga kwa muziki na maneno, anafungua milango mingi kwa ulimi na bado anapigana vya kutosha. Kwa safari ya kwanza ningemchagua yeye. Mchawi wa vitabu muache kwanza. Katika Baldur's Gate ya 1998 mchawi wa levo ya kwanza huanza na uhai wa pointi 4 hadi 6, na mshale mmoja unamtosha.

Ukikosea hapa, hujapotea. Baldur's Gate 3 ina mzee wa mifupa aitwaye Withers ambaye kwa vipande 100 vya dhahabu anakupangia sifa na kazi upya, mara nyingi utakavyo.

Isome dadu

Hili ndilo somo lenyewe, na wengi hulipita mbio. Ukishambulia, gemu inarusha dadu ya pande 20, inaongeza nyongeza yako, kisha inalinganisha na kinga ya adui, yaani deraya, ngao na wepesi wake vikijumlishwa. Tuseme kinga yake ni 15 na nyongeza yako ni +5. Unahitaji dadu ionyeshe 10 au zaidi. Nyuso hizo ni 11 kati ya 20, kwa hiyo una asilimia 55. Karibu nusu ya mapigo yako yatakwenda hewani, na gemu haijakuonea.

Sasa pata upendeleo, ambao unakupa kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Unaupata kwa kushambulia ukiwa umejificha, au adui akiwa ameanguka chini na wewe umemkaribia. Ili ukose, lazima dadu zote mbili zikukatae: asilimia 45 mara 45, yaani kama 20. Kutoka 55 umepanda hadi 80 bila kuongeza levo wala kununua upanga mpya. Ukiwa katika hali mbaya mambo yanageuka, unachukua iliyo ndogo, na unabaki na 30. Mpiga mishale akipanda juu ya paa anapata +2, naye anatoka 55 hadi 65.

Ukishaliona hilo, vita vyote vinabadilika. Huendi tena kumkabili adui uso kwa uso kwa sababu eti una upanga mkubwa. Unatafuta ngazi, kivuli na mlango mwembamba.

Angalizo kwa watakaoanza na zile za zamani: katika Baldur's Gate ya 1998 kinga inahesabiwa kinyume. Iliyo ndogo ndiyo bora, na hasi ni bora zaidi. Watu wamevua deraya nzuri kwa kutolijua hilo.

Pigana kwa akili

Adui mwenye uhai wa pointi 1 anapiga kwa nguvu zile zile za mwenye uhai kamili. Kwa hiyo usigawe mapigo. Wote wanne wa kikosi chako mrukieni mmoja mpaka aanguke, kisha mwingine, maana kila anayeanguka ni zamu moja iliyopungua upande wao. Aanze mganga wao, hasa kama amekaa nyuma akiwaponya wenzake.

Soma kama uganga wako unahitaji umakini. Mtu mmoja anaweza kushikilia mmoja tu wa aina hiyo. Ukiroga wa pili, wa kwanza unakatika papo hapo. Ukipigwa pia unaweza kuupoteza.

Mazingira ni silaha. Grisi iliyomwagika huwaangusha wanaoipita, na moto ukiigusa inawaka yote. Adui aliyesimama ukingoni mwa jabali ni wa kusukumwa, si wa kupigwa. Na zile chupa za dawa, mabomu na karatasi za uganga unazokusanya, zitumie. Watu humaliza gemu wakiwa na sanduku zima walilokuwa wakilitunza kwa siku mbaya, na siku mbaya zilikuja nyingi tu.

Kiwango cha ugumu kishushe pambano likikushinda. Katika Baldur's Gate 3 viwango vya kawaida hubadilishwa katikati ya safari. Kile cha heshima, kilichoongezwa mwishoni mwa Novemba 2023, kina sevu moja tu, yaani hifadhi moja ya mchezo, na kikosi kizima kikifa safari hiyo ya heshima imekwisha. Kisikuvutie safari ya kwanza.

Kusevu na kulala

Katika Baldur's Gate 3, F5 inasevu, F8 inarudisha. Lakini sevu ya haraka isiwe tegemeo lako pekee: tengeneza pia sevu yenye jina kila unapoingia eneo jipya, kwa sababu kosa lingine hugundulika baada ya saa tatu. Kuhusu kurudisha kila dadu inapokataa kwenye mazungumzo, nina msimamo. Kifo kirudishe. Mazungumzo yaliyoharibika yaache yaharibike. Gemu hizi huandikiwa njia ya walioshindwa, na mara nyingi njia hiyo ina mambo ambayo mshindi hayaoni kamwe.

Kulala ndiko wanakokosea hata wajanja. Baldur's Gate 3 inakupa mapumziko mafupi mawili, kisha ya usiku mzima yanayogharimu chakula, pointi 40 kwa kiwango cha kawaida. Mgeni anabana chakula kama bahili, anasonga mbele na kikosi kilichoishiwa uganga. Chakula kimejaa kila pipa na kila kabati. Tena, wenzako husubiri kambini usiku ndipo wakufunulie siri zao. Usipolala, hadithi zao zinarundikana na nyingine unazikosa kabisa. Kila uganga mkubwa ukiisha, lala.

Ukikaa mbali kwa wiki kadhaa

Safari moja inaweza kuchukua miezi. Andika mistari miwili kila unapofunga: ulikuwa unakwenda wapi, na nani umemuahidi nini. Daftari la gemu litakukumbusha kazi, halitakukumbusha kwa nini uliichagua.

Modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, zisubiri safari ya pili. Skyrim ina maelfu, na kuzitoa katikati kunaweza kuharibu sevu nzima. Ukitaka kucheza na wenzako, Baldur's Gate 3 inapokea wanne kwa mtandao, au wawili kwa skrini moja iliyogawanywa. Fungueni safari ya pembeni kwa ajili hiyo, msiguse ile ya peke yako.

Na ukitaka kuifuta gemu kupata nafasi, hakikisha kwanza sevu zako zimepanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya duka ulilonunulia. Kama gemu haina huduma hiyo, tafuta folda ya sevu, mara nyingi iko chini ya Documents au AppData, uinakili kwenye flashi kabla hujabonyeza kufuta.